Bomba la Moshi Si Lako Peke Yako

Najua wengi wenu mlikuja hapa mkitarajia sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Inakuja, msinilaumu. Leo nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nalo halihusu kompyuta moja kwa moja. Linahusu pikipiki, spana, na mguu wa dada yangu.

Nianze kwa kukiri ugonjwa wangu. Mimi ni mtu wa kufungua vitu. Nilipokuwa mdogo niliifungua redio ya babu, nikaifunga tena zikabaki skrubu tatu mkononi, na redio ikaimba vilevile. Tangu siku hiyo sijapona. Ndiyo maana naandika programu kwa riziki, na ndiyo maana Boxer yangu ya 150 haijapelekwa kwa fundi kwa mambo madogo tangu niinunue. Oili nabadilisha mwenyewe, mnyororo nakaza mwenyewe, plagi nasafisha mwenyewe. Kwa hivyo bomba la moshi lilipoanza kutoboka kwa kutu (hapa Kisauni hewa ya bahari inakula chuma kama mchwa wanavyokula mti), niliamua nitalibadilisha mwenyewe, nyumbani, kibarazani.

Hapo ndipo shetani alipopita. Badala ya kununua bomba kama lile la kiwandani, nikaona dukani ekzosi moja fupi, nyeusi, yenye mdomo mnene kama wa pikipiki za mashindano. Shilingi 4,500. Muuzaji akaniapia kwamba itaongeza nguvu, itapunguza mafuta, na sauti yake "utaipenda mwenyewe". Kati ya ahadi hizo tatu, moja tu ndiyo ilikuwa kweli.

Nitaeleza nilivyoifunga, maana najua kuna watakaotaka kujua. Baadaye nitasema maoni yangu, na tafadhali msiondoke kabla ya hapo.

KAZI YENYEWE

Kazi haikuwa ngumu. Ukiwa na spana za soketi, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, na gasketi mpya, unaweza kuimaliza kwa saa mbili. Injini lazima iwe imepoa kabisa. Siku ya kwanza jioni nilipiga picha kila bolti na kila kishikio kwa simu, kisha nikazimwagia nati zote mafuta ya kulegeza na kwenda kulala. Usidharau huo usiku mmoja. Hofu kubwa kwenye kazi hii si bomba, ni zile bolti mbili zilizosimama kwenye silinda hedi. Hedi ni ya aluminiamu na bolti ni za chuma. Moto na chumvi huzigandisha pamoja, na ukilazimisha, bolti inakatikia ndani. Basi hapo umeanza hadithi nyingine, ya kutoboa na kuchonga, na hiyo ni ya fundi mwenye mashine.

Asubuhi nilianza kulegeza polepole, robo mzunguko upande huu, robo upande ule. Nati ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikatoka pamoja na bolti yake nzima. Nikashukuru Mungu, maana hiyo ni bahati: bolti inarudishwa tu. Kisha nikafungua bolti kubwa ya nyuma inayoshikilia bomba, nikalitikisa, likatoka.

Gasketi ya zamani hubaki imenata ndani ya tundu la hedi. Watu wengi huisahau, wanaweka mpya juu yake, halafu wanashangaa moshi unavuja. Itoe taratibu bila kukwaruza aluminiamu. Weka mpya, ishikize kwa grisi kidogo isianguke. Halafu funga kila kitu kwa kulegea kwanza, bolti zote, bomba likae lenyewe mahali pake. Ndipo ukaze zile mbili za hedi kwa zamu, sawasawa, na bolti ya nyuma uikaze mwisho. Ukianza na ya nyuma unalipinda bomba zima, na mtikisiko wa injini utalipasua siku moja ukiwa mbali na nyumbani.

Jambo jingine: lipanguse bomba jipya kwa kitambaa kisicho na mafuta kabla ya kuwasha, la sivyo alama za vidole vyako zitaungua na kubaki hapo. Na uwashe nje, mahali penye hewa. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa hakihitaji muda mrefu kukuua. Injini ikishapata moto na kupoa mara moja, rudi ukaze nati tena, kwa sababu gasketi hujikandamiza.

Nikaiwasha. Jamani! Kuku wa jirani waliruka ukuta. Mimi nikacheka kama mtoto. Nilijiona mhandisi.

AHADI YA NGUVU

Sasa, mimi nafanya kazi ya programu, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini maneno "inakimbia zaidi" bila kupima. Kabla sijatoa bomba la zamani nilikuwa nimefanya jaribio dogo. Barabara moja tupu, alfajiri, gia ya tatu, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, simu ikirekodi video ya mita ya mwendo. Mara kumi. Baada ya kufunga ekzosi mpya nikarudia palepale, mara kumi.

Matokeo? Pikipiki ilikuwa nzito kidogo zaidi kuondoka, na huko juu sikuona tofauti ya maana. Lakini sikio langu lilikuwa tayari kula kiapo kwamba inaruka! Sauti ilikuwa imelidanganya. Kama nisingekuwa na video, ningekuwa nawaandikia hapa kuisifu.

Sababu si uchawi. Wengi tunadhani bomba la moshi ni kama mfereji, kwamba ukiupanua maji yanapita upesi na mambo yanakuwa mazuri. Lakini moshi hautoki kama maji. Unatoka kwa mapigo, pigo moja kila vali ya kutolea moshi inapofunguka. Kila pigo linasafiri kwenye bomba kama wimbi, na likifika mahali bomba linapopanuka au kuishia, sehemu ya wimbi hurudi nyuma kuelekea injini. Likirudi kwa wakati unaofaa, husaidia kuvuta mabaki ya moshi nje ya silinda na kuacha nafasi ya hewa mpya. Likirudi wakati mbaya, linasumbua. Wakati huo unategemea urefu wa bomba, umbo lake na mzunguko wa injini. Kiwanda kimechagua urefu na umbo kwa ajili ya mwendo ambao pikipiki ya kazi inaishi humo: mzigo, kilima, foleni. Aliyetengeneza ile nyeusi fupi hakujua hata itafungwa kwenye injini gani.

Halafu kuna mafuta. Petroli huungua vizuri ikiwa takriban kilo 14.7 za hewa zimekutana na kilo 1 ya petroli. Pikipiki yangu ina kabureta, na tundu dogo linalopitisha petroli ndani ya kabureta lilipimwa kiwandani kwa kuzingatia bomba la kiwandani. Ukibadilisha jinsi injini inavyopumua bila kugusa kabureta, uwiano huo unaweza kuhama. Yangu ilianza kulipuka-lipuka, pa! pa! pa!, kila nilipoachia mafuta nikiteremka. Vijana wanaipenda sauti hiyo. Lakini mara nyingi inakwambia ama hewa inaingia kwenye maungio, ama petroli ni kidogo. Nilipofungua plagi nikakuta ncha yake imekuwa nyeupe kama chaki. Injini ilikuwa inaungua moto kuliko kawaida. Ukiiacha hivyo miezi mingi, unalipia kwa vali na pistoni.

Wenye pikipiki mpya za kompyuta, zisizo na kabureta, msicheke. Nyingi zina kihisi cha oksijeni ndani ya bomba la moshi, na kompyuta inakitegemea kurekebisha petroli. Ukitupa bomba lenye kihisi ukaweka lisilo na nafasi yake, umeing'oa jicho programu halafu unategemea iendelee kusoma. Nyingine zina pia kichujio cha kemikali kinachosafisha moshi kabla haujatoka. Hicho nacho kinaondoka na bomba.

Sisemi ekzosi ya kubadilisha haiwezi kamwe kuongeza nguvu. Inaweza. Wanamashindano hupata nguvu, lakini wao hubadilisha bomba zima, hurekebisha mafuta, na hupima kwenye mashine baada ya kila hatua. Mimi na wewe tulinunua sauti.

SASA MAONI YANGU

Tukirudi kwenye kilichonikaa kooni. Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Pikipiki ni yangu, injini ni yangu, ikifa nimeiua mwenyewe. Nimekuwa nikisema kwenye ukurasa huu kwa miaka kwamba kitu usichoweza kukifungua si chako, ukimiliki umiliki kweli, iwe ni simu, programu au trekta. Bado naamini hivyo.

Lakini wiki ya kwanza tu, bibi wa nyumba ya mkabala, ambaye mjukuu wake alikuwa na siku arobaini hazijatimia, alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii pikipiki yako ni mpya ama ni mbovu?"

"Si mbovu bibi, nimebadilisha ekzosi tu."

"Aa. Mtoto kila ukipita anaruka. Basi nilitaka kujua tu, kama ni mbovu tukuchangie utengeneze."

Nikacheka, yeye hakucheka. Usiku ule nilipima kwa simu, nusu mita kutoka mdomo wa bomba. Simu si kifaa cha maabara, lakini inatosha kulinganisha. Jipya lilizidi la zamani kwa takriban desibeli 12. Namba 12 inaonekana ndogo kwa sababu kipimo cha desibeli hakiendi kwa kujumlisha. Desibeli 10 zaidi ni nishati ya sauti mara kumi. Desibeli 12 ni zaidi ya mara 15. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Sasa mfikirie bodaboda anayeikalia sauti hiyo kuanzia alfajiri hadi usiku. Masikio hayaoti tena kama kucha.

Wapo watakaoniambia: kelele ndiyo inayoniokoa, wenye magari wananisikia. Nimeifikiria hoja hii kwa haki, kwa sababu barabara zetu zinaua na anayetafuta njia ya kubaki hai hachekwi. Lakini mdomo wa bomba unaangalia nyuma, na gari linalokukatia mara nyingi liko mbele yako, vioo juu, redio ikiimba. Anayekusikia vizuri zaidi ni yule uliyekwisha kumpita. Taa iliyowashwa mchana, kizibao kinachong'aa, na breki nzima vinamfikia aliye mbele. Na kelele ya bomba ni ya saa zote, hata pale ambapo hakuna wa kumwonya isipokuwa mtoto aliyelala.

Na kwa wanaopenda sheria: Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinazokataza gari kutoa kelele kubwa isiyo ya kawaida. Sitaki kuegemea hapo sana. Mtu anayetulia kwa kuogopa askari ataanza tena kelele askari akiondoka.

Kilichonimaliza ni wiki ya pili. Nilikuwa nimembeba dada yangu mdogo kumpeleka kazini. Kwa kawaida hushukia kushoto. Siku hiyo kushoto kulikuwa na mtaro, akashukia kulia, upande wa bomba. Akainua dera kidogo asikanyage pindo, na ndama ya mguu ikagusa chuma. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Alipiga kelele moja ambayo bado naisikia.

Bomba la kiwandani lina bati ya kinga iliyofungwa juu yake kwa skrubu, ikiacha nafasi ya hewa katikati ili upande wa nje usipate moto mkali. Niliiona nilipokuwa nafungua. Nikaitupa kwenye ndoo pamoja na kutu. Ile nyeusi fupi haikuwa na kitu kama hicho, na mimi, mhandisi wa kibarazani, niliyepiga picha kila nati, sikujiuliza hata mara moja ile bati ilikuwa ya nini.

(Kwa faida yenu: mtu akiungua na ekzosi, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si unga, si mafuta ya kupikia. Lengelenge likiwa kubwa, au aliyeungua akiwa mtoto, nendeni hospitali.)

Amepona, alhamdulillahi, lakini alama imebaki, ya mviringo, saizi ya yai. Ukiangalia miguu ya abiria wa bodaboda nchi hii utaziona alama kama hizo nyingi, na tumezizoea kana kwamba ni chale za kabila. Hatuulizi ni ngapi zilitokana na bati iliyotolewa.

Basi nilikaa nikawaza. Mimi huwafokea vijana kazini wanaofuta mistari ya programu wasiyoielewa. Unaona mstari, unauona hauna kazi, unaufuta, kila kitu kinaendelea kukimbia kwenye mashine yako, unajipongeza. Miezi miwili baadaye simu inalia saa nane za usiku. Ule mstari haukuwekwa kwa ajili yako. Uliwekwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwenye hali ambayo hujawahi kukutana nayo. Na mimi nilifanya lile lile, kwa spana.

Angalia pikipiki yote. Kiti ni chako, usukani ni wako, breki ni zako zaidi kuliko za mwingine. Bomba la moshi ni tofauti. Kule kunyamazisha sauti ni kwa ajili ya jirani. Bati ya kinga ni kwa ajili ya abiria. Kichujio cha moshi ni kwa ajili ya anayetembea kando ya barabara na mtoto mgongoni. Wewe uliyekaa mbele ndiye unayenufaika kidogo kuliko wote, na ndiyo maana ni rahisi kwako kulitupa. Karibu kila kilichomo humo ndani kipo kwa watu ambao hawana spana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Fungueni pikipiki zenu nyumbani, tena fungueni sana. Asiwatishe mtu kwamba hamuwezi. Anayejua kubadilisha gasketi ya shilingi mia mbili hatapigwa elfu tatu. Lakini kabla ya kubadilisha kitu kwa kingine kisicho sawa nacho, jiulize kilikuwa kinamfanyia nani kazi. Kama ni wewe tu, endelea, uhuru ni wako. Kama yupo mwingine, huna haki ya kumwamulia ukiwa peke yako kibarazani. Na ukiamua kufunga ekzosi nyingine, basi iwe na kinga ya joto, iwe na kipunguza sauti ndani, kabureta irekebishwe, na umwombe jirani asimame nje wakati ukiiwasha mara ya kwanza. Yeye ndiye mpimaji.

Mimi nimerudi toleo la awali. Lile bomba la zamani nililisugua kwa brashi na msasa, fundi wa kuchomelea akaziba tundu, nikalipaka rangi ya kuhimili joto, nikaweka gasketi nyingine mpya. Bati ya kinga niliitafuta kwenye ndoo, nikainyoosha kwa nyundo, nikaifunga kwa skrubu zote. Safari hii hakuna iliyobaki mkononi.

Ile nyeusi bado iko chini ya kitanda. Kijana mmoja wa mtaani amenipa elfu mbili nimuuzie. Sijamuuzia. Nimemwambia aje Jumamosi kwanza tufungue yake pamoja, nimwonyeshe bati ile ni ya nini.

Dada yangu naye amekubali kupanda tena. Ila sasa kabla ya kushuka ananigonga begani, "Kaka, simama vizuri," na anaangalia chini kwanza.

Hifadhidata wiki ijayo, nimeahidi.